Ngamia Aliyegunduliwa

Machi 26, 2012, siku ya Jumatatu, Ngamia alikuwa amepiga magoti chini ya mkoma pale Loiyangalani, anacheua, aliposikia redio ya mwenye duka ikitangaza kwamba amegunduliwa.

Hakushtuka, kushtuka ni kazi ya mbuzi. Alimeza, akatulia, kisha akamwita Punda aliyekuwa akipita na mitungi ya maji mgongoni.

"Umesikia hayo?"

"Nimeyasikia, Mzee. Rais Kibaki mwenyewe ametangaza. Ngamia-1, huko ng'ambo ya ziwa, Turkana. Wamechimba wakakupata."

"Kwani nilikuwa nimepotea?"

Punda akafikiri kidogo. Mwenye mzigo mgongoni hafikiri kwa muda mrefu. "Wewe hukupotea, Mzee. Nadhani wao ndio walikuwa hawajui uliko."

Ikabidi aelezwe taratibu: kilichopatikana ni mafuta, yako chini ya ardhi ya Lokichar, na kisima ndicho kilichopewa jina lake. Ngamia alisikiliza hadi mwisho kwa ile sura yake ya dharau, ambayo kwa kweli si dharau, ni midomo tu. Kisha akatamka neno lililomtia katika taabu yote inayofuata: "Kama ni kisima cha Ngamia, basi ni changu. Naenda kukiona."

Mawakili wataicheka hoja hiyo. Katiba ya 2010 inasema mafuta yote yaliyo ardhini yanashikwa na serikali kuu kwa niaba ya watu wa Kenya. Lakini Ngamia, kama wenzake wengi wa kaskazini, hakuwa na hakika kama naye amehesabiwa humo. Huko kwao msafiri akiteremka kusini kupita Isiolo husemwa amekwenda Kenya, na akirudi huulizwa kama Kenya hawajambo.

Kabla ya safari alipita kumuaga Babu Kobe. Kobe alimsikiliza akiwa amerudisha kichwa ndani, jambo ambalo wageni huliona kuwa ni utovu wa adabu.

"Usiende," akasema kutoka humo ndani. "Kwetu huku kitu kikigunduliwa kinahama. Unamkumbuka Ahmed?"

Nani asiyemkumbuka Ahmed, ndovu wa Marsabit, mwenye pembe zilizokaribia kufagia ardhi? Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, akawekewa askari wa bunduki. Mwaka 1974 akafa kifo chake mwenyewe.

"Na sasa yuko wapi?"

"Makumbusho ya Taifa, Nairobi."

"Na yule mtoto wa Nariokotome?"

Huyo alikuwa amelala kando ya ziwa kwa takriban miaka milioni moja na nusu bila kumsumbua mtu, mpaka mwaka 1984, Kamoya Kimeu alipoona kipande cha fuvu lake kimejitokeza kati ya kokoto.

"Naye yuko Nairobi, Babu."

"Umri wote ule, na bado wakamwona ni mdogo mno kukaa kwao." Kobe akatoa kichwa. "Haya, nenda. Ila wakianza kukupima, rudi."

Ngamia akashika njia ya kusini ya ziwa, akavuka bonde la Suguta, ambako joto humfanya hata mjusi abadilishe miguu, akatokea Lokichar. Alikuta ua wa seng'enge, na langoni Mbwa, mgeni kutoka kusini, amevaa sare.

"Unamtafuta nani?"

"Ngamia."

"Ngamia yuko ndani."

"Ngamia ni mimi."

Mbwa akapitisha kidole kwenye orodha. "Hapa ninaye Ngamia mmoja tu, na yuko kazini tangu Machi. Ana namba moja. Wewe una namba gani?"

Ngamia hakuwa na namba. Akaambiwa angoje kando, akangoja. Hilo analiweza kuliko mnyama mwingine yeyote. Kabla mwaka haujaisha Twiga naye akaja kusimama pale, maana kisima cha pili kilikuwa chake, na Mbwa akamwambia vilevile kwamba Twiga yuko ndani. Baadaye wachimbaji wakaanza kutumia majina ya Kiturkana kwa visima vingine, labda kwa heshima, labda kwa sababu ya Kiswahili yalikuwa yamewachosha. Wakaja Etuko, Ekales na Etom, yaani pundamilia, mbuni na ndovu. Haijapata kuonekana nyika ambayo wanyama wake wote wana majina makubwa namna ile mbele ya wawekezaji, na wote wako nje ya ua.

Ndipo akatokea Fisi. Alikuwa na koti la kung'aa na kofia ngumu ya plastiki iliyotobolewa matundu mawili ya masikio. Cheo chake kilikuwa Afisa Uhusiano wa Jamii. Kazi ya cheo hicho ni kuwaeleza wenyeji yaliyokwisha kuamuliwa, kisha kuwapelekea wakubwa habari kwamba wenyeji wameelewa. Fisi aliifaa kwa sababu anacheka hata pasipo na la kuchekesha.

"Kazi zipo," alisema. "Mwenye cheti cha uchimbaji na uzoefu wa miaka mitano alete barua."

Hakuna aliyekuwa na uzoefu wa miaka mitano wa kuchimba kitu ambacho kimegunduliwa majuzi. Mama Mbuzi, aliyezaliwa palepale ambapo sasa pamewekwa choo cha wahandisi, alipata kazi ya kushika bendera nyekundu njiani malori yanapopita. Alilipwa kwa siku ambazo malori yalipita. Siku nyingine alisimama hivyohivyo, kwa mazoea. Tusiseme hakuna aliyeonja: waliokuwa na gari walilikodisha, waliokuwa na nyumba ya mabati mjini wakaipangisha, na madarasa yakajengwa hapa na pale yakiwa na bango kubwa kuliko mlango. Lakini Oktoba 2013 wenyeji wa miguu miwili waliandamana hadi kwenye mitambo kudai ajira na zabuni, shughuli zikasimama kwa muda. Fisi alikimbia siku ile akaacha kofia. Aliporudi alikuwa na kofia mpya na hati ya makubaliano.

Baraza la mgao ndilo Ngamia analolisimulia mpaka leo. Lilifanyika chini ya mgunga, jua la saa sita. Fisi alichora mstari mchangani kwa fimbo.

"Tuseme huyu ni mnyama aliyechinjwa. Sheria ya mafuta ya 2019 imemgawa vizuri sana. Serikali kuu asilimia 75. Kaunti asilimia 20. Nyinyi wenyewe asilimia 5."

"Ya mnyama mzima?" akauliza Mama Mbuzi.

"Ya kile kinachobaki."

"Kinachobaki baada ya nini?"

"Baada ya mwindaji kurudisha gharama zake za uwindaji, na kuchukua fungu lake."

"Na gharama zake ni kiasi gani?"

"Anazihesabu."

"Nani anazihesabu?"

"Mwindaji."

Mama Mbuzi akatafuna hilo. Mzee mmoja wa nyuma akasema yeye alikuwa amesikia habari za asilimia 10. Fisi akacheka, akasema ni kweli, mwanzoni mswada ulisema 10, lakini wakubwa walikaa wakajadiliana kwa upendo, ikawa 5. Mzee akauliza katika kujadiliana huko nani alikuwa upande wa zile tano zilizopotea. Fisi akafunga baraza kwa maombi.

Mafuta yalikuwa yameanza kusafiri Juni 2018, ndani ya matangi juu ya malori, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mombasa. Hayakwenda mbali mwezi ule: wakazi walifunga barabara, wakisema wao wanaibiwa mifugo na kuuawa na majangili huku askari wakilinda matangi. Wakaahidiwa usalama, malori yakapita. Agosti 2019 meli yenye shehena ya kwanza ikang'oa nanga, na hotuba zikatolewa bandarini. Mwaka uliofuata malori yakaacha kuja. Mwaka 2023 kampuni mbili kati ya tatu zenye kisima zikajiondoa. Wenyeji hawakuambiwa lolote na mtu. Walijua tu kwamba bendera ya Mama Mbuzi imeanza kupauka.

Ngamia hakungoja hayo yote. Mara tu meli ilipoondoka aliinuka, nyuma kwanza kama kawaida yake, akasema anarudi kwao. Mama Mbuzi, mwenye binti aliyeolewa Loiyangalani, akafuatana naye. Walivuka tena Suguta, na walipokaribia Sarima, Ngamia akasimama ghafla.

Kulikuwa kumeota msitu. Miti yake ilikuwa myeupe, mirefu, haina jani, na kila mmoja ulikuwa na matawi matatu yanayozunguka. Chini ya mti mmoja Punda alikuwa amesimama.

"Nini hii?"

"Ni upepo, Mzee."

"Upepo naujua. Ndio ulionifunga macho miaka yote." Upepo wa pale hupenya kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru kana kwamba umefukuzwa, na hakuna aliyezaliwa huko asiyetembea ameinama upande mmoja.

"Nao umegunduliwa," Punda akasema. "Minara 365, megawati 310. Ekari 150,000 zimeandikwa humo."

"Na umeme unakwenda wapi?"

Punda akaelekeza sikio kusini. Nyaya zilikuwa zimebebwa na nguzo za chuma, zinakwenda zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, zikipita juu ya manyatta ambazo usiku humulikwa kwa kuni na tochi. Ni umeme mkubwa mno, Punda alielezwa. Hauwezi kushushwa hivihivi kwa mtu mdogo, utamuunguza. Ngamia akauliza kama kuna kifaa cha kuupunguza. Kipo, Punda akasema, lakini kiko Suswa.

"Sisi tunapata nini?"

"Kivuli."

Kilikuwa chembamba, urefu mwingi na upana wa mbuzi mmoja. Mbuzi wa Sarima walikuwa wamejipanga foleni ndani yake, na jua lilivyosogea nao walisogea, wa mwisho akihakikisha mkia wake haubaki nje.

Punda alikuwa na habari moja zaidi, na ndiyo iliyomfanya Ngamia aombe maji. Minara ilikuwa imekamilika kabla ya nyaya. Kwa muda mrefu upepo ukawa unavuma bila pa kwenda, na kwa kuwa mkataba ulisema mnunuzi akichelewa atalipa, serikali ikalipa faini ya mabilioni ya shilingi kwa upepo ambao haukuwasha hata taa moja.

"Yaani upepo umelipwa kwa kukaa bure?"

"Umelipwa, Mzee."

"Mimi nimekaa bure langoni kwa watu miaka saba," akasema Ngamia, "na sikupewa hata ndoo." Nadhani hapa ndipo alipoanza kuelewa mikataba.

Nisimdhulumu mwenye minara. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa, na mama anayejifungua vibaya usiku anajua thamani yake kuliko mwandishi yeyote. Umeme wenyewe ni safi, hautoi moshi, na nchi inauhitaji. Huo ndio ugumu wa hadithi hii: kilicholetwa ni kizuri. Ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mwenye malisho. Mwenye malisho naye alikwenda mahakamani mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ikasema hatimiliki za ardhi ile zilitolewa kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Kunguru, aliyesafiri hadi Meru kusikiliza, alirudi akiimba. Wenyeji wakaamka asubuhi, mapanga yanazunguka vilevile. Mwaka ukapita. Mei 2023 mahakama ikakataa kuongeza muda, na Kunguru akaenda kuimba tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Ukiacha mafuta na upepo, bado kuna Korongo.

Korongo huja Novemba, akikimbia baridi ya Ulaya, na hukaa loji chini ya mikoma. Ni ndege mwenye moyo mwema. Hukemea anayechafua ziwa, hutoa pipi kwa watoto, na hulia machozi halisi akisikia habari za bwawa la Gibe III lililojengwa Ethiopia juu ya mto Omo, ambalo kwa sababu yake hifadhi za taifa za Ziwa Turkana ziliwekwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Siku moja alimkuta Punda njiani akamwomba asimame ampige picha.

"Vua hiyo mitungi ya manjano," akamwambia kwa upole. "Inaharibu picha. Nataka uonekane ulivyokuwa zamani."

Punda alitua mzigo, akaonekana alivyokuwa zamani, akaubeba tena. Wiki ileile akaja Korongo mwingine, mwenye beji ya shirika la misaada, naye akataka picha.

"Mitungi iko wapi?" huyu akauliza. Punda siku hiyo alikuwa ameipeleka kuzibwa. Ikabidi aazimwe mitungi ya jirani, na ikawa mitupu, kwa sababu picha ya kiu haihitaji maji.

Ngamia alipata riziki kwa njia hiyo. Tangu 2008 kuna tamasha la utamaduni la Ziwa Turkana hapo Loiyangalani, na jamii 14 za Marsabit hukutana kucheza na kuimba: Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabra, Waelmolo na wenzao. Ni jambo la maana. Makabila yaliyoibiana ngamia mwezi wa nane yanalala kambi moja, na vijana wanajua nyimbo ambazo bila tamasha wangeziacha. Ila jukwaa limeelekezwa kwa waheshimiwa na Korongo, na wachezaji huonyesha mgongo kwa bibi zao. Mwaka mmoja mtangazaji alimwomba mzee wa kimila afupishe baraka zake kwa sababu helikopta ya mheshimiwa inataka kuondoka. Mzee akafupisha. Mvua mwaka ule nayo ilikuja fupi, lakini hayo ni maneno ya Kobe, mimi simo.

Ngamia alivalishwa shanga, akasimama kwenye mwinuko wenye mandhari nzuri, na Korongo wakamlipa kwa kila picha. Nyuma yake minara ilikuwa ikizunguka.

"Sogea kushoto kidogo," Korongo akasema. "Hiyo mitambo isionekane. Nataka kaskazini halisi."

"Hiyo ndiyo kaskazini halisi," akasema Ngamia. "Imekopewa fedha kwenu."

Korongo alidhani ni methali. Aliandika.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka, Nambari 10, uliosema fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, maliasili na watu walio tayari. Kaskazini ikahesabiwa kuwa haina. Kobe alikuwapo. Anasema upepo siku hiyo ulivuma kama kawaida, na mafuta yalikuwa palepale yalipo, na ziwa pia. Kilichokosekana ni mtu wa kuyavumbua. Tangu walipokuja wa kuyavumbua, wenyeji wameanza kuelewa kwamba kuitwa maskini kulikuwa na amani yake.

Basi jioni moja Fisi akatokea Loiyangalani. Koti lilikuwa jipya, rangi ya kijani, na kwapani alikuwa na faili nene. Aliita baraza. Akasema kuna habari njema: safari hii hakuna kuchimba, hakuna nguzo, hakuna lori. Kilichogunduliwa ni nyasi.

"Nyasi zinavuta hewa mbaya na kuificha ardhini," akaeleza. "Huko mbali kuna wenye moshi wanaotaka kununua hiyo hewa iliyofichwa. Nyinyi hamfanyi chochote. Mnapanga tu malisho, mnakula pale mlipoonyeshwa, kwa zamu. Fedha zinakuja. Mzee Ngamia, wewe unaheshimiwa, weka kwato hapa."

Akafungua ukurasa wa mwisho, wenye mstari mtupu.

Wanyama wakamtazama Ngamia. Ngamia akamtazama Fisi, kisha faili, kisha akakunja magoti ya mbele, akakunja ya nyuma, akajilaza katikati ya njia pekee inayotoka kijijini. Gari la Fisi lilikuwa upande wa ndani.

"Anzia ukurasa wa kwanza," akasema.

"Mzee, ni kurasa 90. Na ni lugha ya kisheria."

"Kunguru atafasiri. Amekaa Meru."

"Jua linazama."

"Una taa. Umeme ni wetu."

Fisi akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akawasha taa za gari, akaketi juu ya jiwe, akaanza kusoma: nani ni nani, na ardhi ni ipi, na mpaka wake unapita wapi. Kunguru akafasiri sentensi kwa sentensi, akigombana na baadhi yake. Walipofika ukurasa wa tatu mtoto wa Punda alikuwa amelala, na Babu Kobe alikuwa ametoa kichwa chote nje, jambo ambalo wengi pale hawakuwahi kuliona.

"...na wenye malisho wanakubali kwamba haki hizo zitakuwa za mwekezaji na warithi wake kwa..."

"Rudia hapo," akasema Mama Mbuzi.